Robert Koch na Safari Ndefu ya Chanjo ya Kifua Kikuu

Utangulizi

Katika hospitali na vituo vya afya vya Kimilili, Bungoma na Kitale, kama ilivyo kote nchini Kenya, mtoto mchanga hakai sana duniani kabla ya kudungwa sindano ndogo kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Kijidonda kinachofuata hupona na kuacha kovu ambalo mtu huzeeka nalo. Chanjo hiyo ni BCG, nayo ilitolewa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Zaidi ya karne moja baadaye, ingali ndiyo chanjo ya kifua kikuu inayotegemewa duniani, ingawa uwezo wake una mipaka. Huwakinga watoto wadogo dhidi ya aina kali za maradhi hayo, lakini kwa watu wazima, ambao ndio hasa huambukizana kwa kikohozi, kinga yake ni haba na haitabiriki.

Bakteria anayesababisha kifua kikuu alijulikana tangu mwaka 1882. Aliyemfichua alikuwa daktari Mjerumani, Robert Koch, mtu ambaye jina lake halikosi katika vitabu vya elimu ya viumbe, na ambaye sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho aliitumia katika Afrika Mashariki na Kusini. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuzingatia swali moja: ilikuwaje kumjua adui kusitoshe kumshinda? Swali hili lina uzito leo kwa kuwa wanasayansi wanalirudia kwa silaha mpya, yaani usomaji wa jenomu, ambayo ni jumla ya maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya kiumbe. Maisha ya Koch yana funzo kwa yeyote anayeamini kwamba silaha hiyo mpya itamaliza vita kwa pigo moja.

Kuzaliwa na Elimu

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Ulikuwa mji wa migodi, na baba yake, Hermann Koch, alikuwa afisa wa migodi. Robert alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto 13. Husimuliwa kwamba kabla ya kwenda shule alikwisha kujifunza kusoma kwa kutumia magazeti.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 akahitimu udaktari. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Jakob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ametoa hoja kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno. Wakati huo hoja hiyo haikuwa na ushahidi wa kutosha. Wengi waliamini kwamba maradhi hutokana na hewa chafu au udhaifu wa mwili. Henle alipanda mbegu, na mwanafunzi wake ndiye aliyekuja kuvuna.

Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Gertrud. Alihangaika kutafuta kazi hapa na pale, akahudumu kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871, kisha mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland na huitwa Wolsztyn.

Daktari wa Mashambani na Kimeta

Wollstein haikuwa na chuo kikuu, wala maktaba ya maana, wala maabara. Koch aliwatibu wagonjwa mchana, na muda uliobaki akautumia kwenye hadubini aliyozawadiwa na mkewe. Katika wilaya yake ng'ombe na kondoo walikuwa wakifa kwa kimeta. Wafugaji wa Bungoma na Trans Nzoia hawahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Ng'ombe aliyekuwa mzima jioni hukutwa amekufa asubuhi, damu nyeusi ikimtoka puani, na anayethubutu kumchuna huyaweka maisha yake hatarini.

Wataalamu waliomtangulia walikuwa wameona vijiti vidogo katika damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba vijiti hivyo ndivyo vilivyoua. Koch alichukua vibanzi vya mti vilivyosafishwa, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa na kuwachoma navyo panya. Panya wakafa. Kisha akavikuza vijiti hivyo nje ya mwili wa mnyama, ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, hata ikawa haiwezekani kwamba tone la damu ya awali limesalia. Panya waliodungwa majimaji hayo nao wakafa kwa kimeta. Aligundua pia kwamba bakteria hao wakikosa mahali pazuri hujigeuza kuwa vijimbegu vigumu vinavyoweza kukaa udongoni kwa miaka. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini malisho fulani huua mifugo hata baada ya kukaa matupu kwa muda mrefu.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha kazi hiyo Profesa Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya mimea na bakteria. Katika siku chache, daktari wa mashambani asiyejulikana akawa gumzo la wanasayansi.

Berlin na Usiku wa Machi 1882

Mwaka 1880 Koch aliitwa kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola mjini Berlin. Huko alikabiliwa na tatizo lililoonekana dogo lakini lililokuwa limefunga njia ya wote: namna ya kumtenga bakteria wa aina moja na wa aina nyingine. Katika mchuzi wa maabara bakteria huogelea pamoja, na haiwezekani kujua ni yupi anayesababisha nini. Koch alianza kuwakuza juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa, kisha juu ya jelatini. Jelatini ilikuwa na kasoro ya kuyeyuka kwa joto. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza agari inayotokana na mwani, ambayo alikuwa akiitumia kugandisha vyakula vyake. Agari hutumika hadi leo katika maabara za dunia nzima, ingawa jina la mwanamke huyo hutajwa kwa nadra.

Ndipo Koch alipokigeukia kifua kikuu, maradhi ambayo siku hizo yalikadiriwa kusababisha kifo kimoja katika kila vifo saba. Bakteria wake ni mgumu kuonekana kwa sababu amefunikwa na utando wa nta unaokataa rangi za kawaida. Tena hukua polepole mno. Wakati bakteria wengine huonekana baada ya siku moja, huyu huchukua majuma. Wasio na subira walitupa vyombo vyao wakidhani hamna kitu. Koch alisubiri.

Tarehe 24 Machi 1882, katika mkutano wa jioni wa Chama cha Fisiolojia cha Berlin, alisoma matokeo yake kwa sauti ya chini isiyo na madoido, mbele ya meza iliyojaa hadubini na vielelezo zaidi ya mia mbili. Alionyesha kwamba bakteria yule yule alipatikana kila mara palipokuwa na ugonjwa, kwamba aliweza kutengwa na kukuzwa peke yake, na kwamba akiingizwa katika mnyama mzima humletea ugonjwa ule ule. Hatua hizo ndizo msingi wa kile kinachojulikana leo kama kanuni za Koch. Tarehe hiyo sasa huadhimishwa duniani kama Siku ya Kifua Kikuu.

Mwaka uliofuata aliongoza msafara kwenda Misri na India kuchunguza kipindupindu, na mwaka 1884 akarudi Berlin akiwa amemtambua bakteria wake. Alipokewa kama shujaa wa taifa na kutunukiwa mark 100,000. Mwaka 1885 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Anguko la Mwaka 1890

Umaarufu ni mzigo. Wakati Koch akipongezwa kwa kuwatambua bakteria, hasimu wake wa Ufaransa, Louis Pasteur, alikuwa ametengeneza chanjo: ya kimeta kwa mifugo mwaka 1881 na ya kichaa cha mbwa kwa binadamu mwaka 1885. Koch alikuwa amewaonyesha watu adui, ila hakuwa amewapa ngao. Serikali yake na umma wa Wajerumani walitarajia zaidi.

Mnamo Agosti 1890, katika Kongamano la Kimataifa la Udaktari mjini Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kinachoweza kuzuia ukuaji wa bakteria wa kifua kikuu mwilini. Novemba akaeleza kwamba dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, inaweza kuponya ugonjwa huo katika hatua zake za mwanzo. Alikataa kusema imetengenezwa vipi. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila upande, wengine wakifia njiani. Miongoni mwa madaktari waliokwenda kujionea ni Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, aliyerudi Uingereza na kuandika makala ya kuwatahadharisha wasomaji wasijenge matumaini makubwa.

Tahadhari hiyo ilikuwa na haki. Wagonjwa waliodungwa tuberkulini walipandwa na homa kali, na sehemu zenye ugonjwa zikavimba. Koch aliuchukua mshtuko huo wa mwili kuwa dalili ya uponyaji. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1891, Profesa Rudolf Virchow alipoipasua miili ya waliokufa baada ya kudungwa, aliona kwamba ugonjwa haukuwa umezuiwa, na kwamba kwa baadhi yao ulikuwa umesambaa. Januari hiyo Koch alilazimika kufichua siri. Tuberkulini ilikuwa dondoo la bakteria wa kifua kikuu katika gliserini. Alipotakiwa kuwaonyesha wanyama aliodai kuwaponya, hakuweza. Baadaye ilibainika pia kwamba alikuwa ametarajia faida kubwa ya kifedha.

Aibu hiyo ndiyo moyo wa kisa hiki. Koch, aliyewafundisha wenzake kutokubali jambo bila ushahidi wa hatua kwa hatua, alizivunja kanuni zake mwenyewe pale haraka, fahari na fedha vilipomzonga. Lakini lilikuwapo pia kosa lisilotokana na tabia yake. Tuberkulini ilikuwa mchanganyiko wa mamia ya protini za bakteria. Koch alikuwa na mchuzi mkononi, na katika zama zake hakukuwa na njia ya kujua viungo vilivyomo. Hakuweza kujua ni protini ipi inaamsha kinga ya kweli na ipi inazua homa tu.

Tuberkulini haikupotea kabisa. Mwaka 1907 na 1908, Clemens von Pirquet na Charles Mantoux waliigeuza kuwa kipimo. Tone dogo likiingizwa kwenye ngozi, uvimbe unaotokea huonyesha kwamba mtu amewahi kuambukizwa. Dawa iliyoshindwa kuponya ikawa chombo cha kutambua.

Koch katika Afrika

Mwaka 1891 Koch alipewa taasisi yake ya maradhi ya kuambukiza mjini Berlin. Mwaka 1893 aliachana na Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30, jambo lililozidisha maneno ya watu. Tangu mwaka 1896 alikuwa mtu wa safari, na safari hizo zilimleta Afrika mara kwa mara.

Alianzia Kimberley, Afrika Kusini, alikoalikwa kupambana na sotoka, tauni ya ng'ombe ambayo katika muongo huo ilikuwa imeziangamiza zizi za Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji wakiwa maskini. Mwaka 1897 aliingia Dar es Salaam, na katika mwaka huo na uliofuata akachunguza malaria na maradhi ya mifugo. Alithibitisha pia kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu wa Kisiba, upande wa Bukoba, na ambayo wenyeji waliyaita rubunga, yalikuwa tauni. Mwaka 1903 alikuwa Bulawayo akichunguza ndigana kali ya ng'ombe. Mwaka 1905, mwaka ambao vita vya Maji Maji vililipuka, alikuwa tena katika koloni la Wajerumani akichunguza homa ya papasi, na akaonyesha namna papasi anavyobeba vijidudu vya homa hiyo na kuvirithisha kwa mayai yake.

Msomaji wa Kiswahili ataona jambo hapa. Kimeta, kipindupindu, sotoka, tauni, papasi, malale: safari za Koch zilipita katika maneno ambayo wenyeji walikuwa nayo tayari. Hata kwamba papasi wa vibandani huleta homa lilikuwa jambo lililojulikana na wapagazi na wasafiri wa bara kabla ya hadubini yoyote kufika. Koch alileta uthibitisho na maelezo ya undani, na hilo si jambo dogo. Lakini hakuikuta nchi isiyo na maarifa.

Safari yake nzito zaidi ilikuwa ya 1906 na 1907. Malale yalikuwa yamewaua watu wasiopungua laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria kwa miaka michache. Koch alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, na wagonjwa wakamjia kwa mamia. Aliwadunga atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni walipata nafuu, lakini nafuu haikudumu. Alipoongeza kipimo, zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka kabisa, na macho yao hayakurudi. Ndipo akarudi kwenye kipimo cha awali. Alipendekeza pia kwamba wagonjwa watengwe katika kambi maalumu, na pendekezo hilo lilifuatwa katika koloni la Wajerumani.

Haki inadai jambo hili lisemwe waziwazi. Watu wa Ssese walimjia kwa sababu walikuwa wakifa, wala hakuna anayeweza kumlaumu daktari kwa kujaribu. Lakini katika mfumo wa kikoloni wa siku zile mgonjwa hakuwa na nafasi ya kuelezwa hatari na kukubali au kukataa. Jaribio ambalo lingezua kelele mjini Berlin lilipita kimya kisiwani. Kumbukumbu za aina hii ndizo zinazoeleza kwa nini, hadi leo, baadhi ya jamii za Afrika Mashariki husita zinapoletewa sindano mpya.

Nishani, Kosa na Kifo

Desemba 1905 Koch alitunukiwa Nishani ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Hata hivyo, alikuwa ameacha nyuma kosa jingine. Mwaka 1901, katika kongamano mjini London, alishikilia kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa binadamu. Wataalamu wa Uingereza walilichunguza dai hilo kwa miaka kumi na kulikanusha, ripoti yao ya mwisho ikitolewa mwaka 1911. Katika maeneo ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kama Kitale na Kimilili, kosa hilo si la kitaaluma tu. Mama anayechemsha maziwa kabla ya kuwapa watoto anazuia mlango ambao Koch alidhani hauna haja ya kufungwa.

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66, kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yalihifadhiwa katika taasisi yake mjini Berlin, ambayo leo ina jina lake.

Baada ya Koch: Kuusoma Mwandiko wa Bakteria

Ngao ambayo Koch hakuipata ilitengenezwa na Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, tena kutokana na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, yule yule aliyedharauliwa mwaka 1901. Kwa miaka 13 walimhamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230, mpaka akapoteza makali. Hiyo ndiyo BCG. Lakini wenyewe hawakujua ni kitu gani alichopoteza. Walijua tu kwamba hadhuru tena.

Jibu lilihitaji jenomu. Mwandiko wa jenomu una herufi nne za kikemia, na mpangilio wa herufi hizo huamua protini ambazo kiumbe ataunda. Mwaka 1995 jenomu ya bakteria ilisomwa nzima kwa mara ya kwanza. Mwaka 1998 kundi lililoongozwa na Stewart Cole lilichapisha jenomu ya bakteria wa kifua kikuu: zaidi ya herufi milioni 4.4 na jeni zipatazo 4,000. Bakteria aliyesomwa, aitwaye H37Rv, ni wa ukoo uliochukuliwa kutoka kwa mgonjwa mmoja nchini Marekani mwaka 1905, mwaka ule ule wa Nobel ya Koch. Wanasayansi walipoulinganisha mwandiko huo na wa BCG, waliona kurasa zilizochanika. Eneo moja, lililopewa jina RD1, lilikuwa limetoweka, na pamoja nalo jeni za protini ambazo bakteria huzitumia kushambulia seli za mwili. Fumbo la Calmette na Guérin likawa limefumbuliwa, na protini hizo zikazaa vipimo vya damu vinavyoweza kumtofautisha aliyeambukizwa na aliyechanjwa tu.

Ndipo wazo la kuigeuza njia ya kutafuta chanjo likashika kasi. Tangu Pasteur, mtafiti alimkuza bakteria kwanza, kisha akatafuta sehemu yake inayoweza kuamsha kinga. Mwaka 2000 Mariagrazia Pizza, Rino Rappuoli na wenzao nchini Italia walieleza namna walivyoanzia mwisho. Walisoma jenomu ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo wa kundi B, wakaitumia kompyuta kuchagua protini zipatazo 600 zilizoonekana kukaa kwenye ngozi ya nje ya bakteria, wakafaulu kuunda 350 kati yake, wakawadunga panya, na hatimaye wakabaki na chache zilizozaa kinga inayoua bakteria. Chanjo iliyotokana na kazi hiyo iliidhinishwa barani Ulaya mwaka 2013. Yale ambayo Koch alikuwa nayo kama mchuzi usiojulikana, sasa yaliweza kuorodheshwa kiungo kwa kiungo.

Matumaini yakawa kwamba kifua kikuu kitafuata. Hakikufuata kwa wepesi, na sababu zake zinafaa kueleweka. Bakteria wa uti wa mgongo huuawa na kingamwili zilizomo katika damu, hivyo maabara inaweza kupima kama chanjo inafaa. Bakteria wa kifua kikuu hujificha ndani ya seli zile zile zinazotumwa kumuua, na hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachotosha kuonyesha kwamba mtu amekingika. Protini za kuchagua ni nyingi, lakini hakimu wa kuaminika ni mmoja: majaribio ya miaka mingi kwa maelfu ya watu.

Jenomu zilileta pia habari isiyotarajiwa. Mwaka 2010 Iñaki Comas na wenzake walilinganisha jenomu za bakteria 21 wa kifua kikuu kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Kwa kawaida kijidudu hubadilisha upesi sehemu zinazotambuliwa na kinga ya mwili, kama mwizi anayebadili nguo. Bakteria huyu alikuwa amefanya kinyume. Sehemu nyingi zinazotambuliwa na kinga ndizo zilizobadilika kidogo zaidi. Huenda anafaidika kwa kutambuliwa, kwa kuwa mwili unaomshambulia huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika humtoa nje kwa kikohozi aende kwa mtu mwingine. Hapa kosa la mwaka 1890 linapata maana mpya. Koch aliona mwili ukishtuka akadhani unapona. Mtafiti wa leo anayechagua protini kwa sababu tu inaushtua mwili anaweza kulirudia kosa lile lile akiwa na kompyuta.

Majaribio yamethibitisha tahadhari hiyo. Chanjo ya majaribio iitwayo H56 iliunganisha protini tatu, mojawapo ikitoka katika eneo la RD1 na nyingine ikijulikana kwa nambari yake tu katika orodha ya jenomu. Katika wanyama ilileta matumaini. Ilipojaribiwa Afrika Kusini na Tanzania kwa watu waliokuwa wamemaliza matibabu ya kifua kikuu, haikuzuia ugonjwa kurudi. Nyingine, M72, ambayo protini zake mbili zilipatikana kwa njia ya zamani zaidi ya kupima mwitikio wa kinga, ilijaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini kwa watu wazima zaidi ya 3,500 waliokuwa na bakteria mwilini bila kuugua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 na 2019 yalionyesha kwamba ilipunguza ugonjwa kwa takriban nusu. Mwaka 2024 jaribio kubwa zaidi la chanjo hiyo lilianza, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizopangwa kushiriki. Wapo pia wanaofuata njia ya tatu: MTBVAC, bakteria wa kifua kikuu cha binadamu ambaye jeni zake mbili za makali zimeondolewa kwa makusudi. Kazi iliyowachukua Calmette na Guérin miaka 13 ya kubahatisha sasa inafanywa kwa kukata mahali panapojulikana.

Hitimisho

Robert Koch aliipa dunia macho. Aliionyesha kimeta, kifua kikuu na kipindupindu vikiwa na sura na umbo, na njia alizobuni za kutenga na kuthibitisha hazijapitwa na wakati. Lakini maisha yake yanafundisha pia kwamba kati ya kumwona adui na kumkinga mtu kuna pengo lisilorukwa kwa fahari. Alipojaribu kuliruka mwaka 1890, walioanguka ni wagonjwa. Alipoongeza kipimo cha dawa huko Ssese, waliopoteza macho ni watu ambao hawakuwa wameulizwa.

Usomaji wa jenomu umelipunguza pengo hilo, haujaliziba. Umetupa orodha ya viungo ambayo Koch hakuwa nayo, umetueleza BCG ilipoteza nini, na umetutahadharisha kuhusu hila za bakteria. Bado kila protini inayochaguliwa na kompyuta haina budi kupita katika miili ya watu. Tofauti kubwa kati ya mwaka 1906 na leo imo katika masharti ya kufika hapo: mshiriki aelezwe kwa lugha anayoielewa, akubali kwa hiari, aweze kujitoa, na matokeo yachapishwe yawe mazuri au mabaya. Sharti la kwanza kati ya hayo ni kazi ya lugha. Fomu ya ridhaa ya jaribio la chanjo, ikiandikwa kwa Kiswahili kisichoeleweka, humrudisha mgonjwa katika kimya cha visiwa vya Ssese. Mwaka 2023 kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25 duniani, na wale watakaombwa kuijaribu chanjo ijayo watahitaji maneno ya kuielewa jeni, protini na kinga kabla ya kunyoosha mkono. Maneno hayo hayatatoka maabara.